Mkono ulipoacha kuuma: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyekatwa kigasha baada ya kuvunjika mfupa

Kuhusu kisa hiki

Kwenye daftari la chumba cha upasuaji, kisa hiki kimechukua mstari mmoja: "Gangrini, kigasha cha kulia. Amekatwa chini ya kiwiko." Gangrini ni nyama ya kiungo kufa na kuoza kwa kukosa damu; kigasha ni sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Atakayejumlisha takwimu mwisho wa mwaka atamhesabu mtoto huyu pamoja na wazee wenye kisukari na watu walioumwa na nyoka, kana kwamba wote wamefika kwa njia moja. Nimeamua kukiandika kwa urefu kwa sababu mtoto mwenyewe hakuwa na ugonjwa wowote. Alianguka, akavunjika mfupa. Mvunjiko wa aina hiyo kwa mtoto wa umri wake hupona ndani ya wiki sita hivi. Siku ya 7 alikuwa hana mkono.

Tukio ni la hospitali ya wilaya katika nchi ya kipato cha chini. Jina, jinsia, mahali na tarehe nimeviondoa, na umri nimeutaja kwa kukadiria. Familia iliridhia kisa kitumike kufundishia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji na nilikuwepo tangu mtoto alipopokelewa.

Hali ilivyokuwa kabla

Mtoto alikuwa na miaka 8 hivi, mwenye afya njema. Karibu na kwao kuna zahanati isiyo na eksirei wala mtu wa kufunga plasta ngumu. Hospitali yetu iko mwendo wa nusu siku, na usafiri hupatikana asubuhi tu. Aliye karibu kuliko wote ni muunga mifupa, mzee aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi na ambaye amewasaidia watu wengi kweli. Mifupa ya watoto huunga upesi ikitulizwa tu, kwa hiyo kila mtoto aliyepona mikononi mwake amekuwa shahidi wake. Mjomba wa mtoto huyu aliwahi kugangwa mguu na mzee huyohuyo, na leo anatembea bila kuchechemea.

Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wakisikia kisa cha namna hii husema familia ilikuwa jinga. Haikuwa jinga. Ilimwendea mtu iliyemwona akiponya.

Mfuatano wa siku

*Siku ya 1.* Mtoto alianguka saa tisa alasiri. Saa kumi na moja alikuwa zahanati. Mhudumu aliona kigasha kimepinda kidogo, ngozi haijapasuka, vidole vinacheza. Akampa parasetamoli, akamwambia mama, "Hapa hatuna eksirei, mpelekeni hospitali." Ushauri ulikuwa sahihi, lakini haukuwa na kitu kingine nyuma yake. Mkono haukutulizwa kwa banzi, haukuning'inizwa kwa kitambaa, na mama hakuambiwa dalili za kuangalia usiku. Baba alikuwa mbali kikazi. Usafiri ulikuwa umekwisha, giza linaingia.

Saa moja usiku muunga mifupa aliuvuta mkono ukanyooka, akaweka mabanzi manne, akayafunga kwa vipande vya kitambaa kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Aliyakaza mpaka yasisogee. Vidole vilibaki nje ya mabanzi, ila vilifichwa ndani ya kanga iliyoning'iniza mkono.

*Usiku wa kwanza.* Mtoto alilia bila kupoa. Dawa ya maumivu ilirudiwa, haikusaidia. Saa saba usiku alianza kuomba afunguliwe. Mama alitaka kulegeza, wakubwa wakamkataza: fundo likilegea, mfupa utaunga umepinda. Karibu na alfajiri mtoto alisema vidole vinawaka moto, kisha akasema vimekufa ganzi. Mama aliingiza mkono ndani ya kanga, akajaribu kukikunjua kidole kimoja kilichojikunja. Mtoto alipiga yowe lililoamsha nyumba nzima.

*Siku ya 2.* Mchana mtoto alinyamaza. Alilala hadi jioni. "Tulishukuru Mungu, Sista," mama aliniambia baadaye. "Tukasema mfupa umeshika."

*Siku ya 3 na ya 4.* Alikula, alikaa nje na wenzake. Vidole vilikuwa baridi na vimevimba. Muunga mifupa alipita, akaona malengelenge pembeni mwa kitambaa, akalegeza fundo moja na kulifunga tena.

*Siku ya 5.* Homa na harufu. Mabanzi yalipofunguliwa, ngozi ilitoka pamoja na kitambaa.

*Siku ya 6.* Walifika kwetu saa nne asubuhi. Joto la mwili nyuzi 39.2, moyo ukidunda mara 148 kwa dakika. Vidole vyote vitano vilikuwa vyeusi na vikavu, kiganja kina rangi ya majivu, na sehemu kubwa ya kigasha ilikuwa laini, yenye majimaji na harufu. Alama za vitambaa zilionekana kama pete, ya juu kabisa ikiwa upana wa vidole vinne chini ya kiwiko. Juu ya pete hiyo ngozi ilikuwa na joto na rangi yake ya kawaida.

Mtoto hakuwa na maumivu mkononi. Nilipomwomba asogee kitandani, aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuuweka mapajani, kama mtu anayehamisha mzigo wa mwenzake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutofanya jambo. Daktari kijana wa zamu alipendekeza kigasha kipasuliwe kwa urefu ili kupunguza shinikizo. Upasuaji huo huokoa mkono ukifanyika mapema, misuli ikiwa bado hai. Siku ya 6 misuli ilikuwa imekufa. Kuifungua kungewapa vijidudu mlango mpana zaidi, na mkono usingerudi. Daktari mwandamizi alimweleza pale pale kitandani, kwa upole, na nadhani sote tuliokuwa pale tulijifunza.

La pili lilikuwa kutokimbilia chumba cha upasuaji. Msuli uliooza humwaga potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Humwaga pia rangi inayoumiza figo. Maabara yetu haipimi potasiamu. Tulichokuwa nacho ni mpira wa mkojo na macho. Mkojo wa kwanza ulikuwa wa kahawia. Tukampa dripu kwa wingi, dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, na kinga ya pepopunda, tukawa tunaangalia mkojo kila saa. Jioni ulikuwa umeanza kupauka.

La tatu ni mahali pa kukata. Kukata juu ya kiwiko kungekuwa salama zaidi kwa kidonda, kwa kuwa nyama yote ya huko ilikuwa nzima. Lakini mtu mwenye kiwiko anaweza kubana kitu, kubeba mfuko, kushikilia daftari na, akibahatika, kutumia mkono bandia kwa urahisi zaidi. Tuliamua kukata chini ya kiwiko, kukiacha kidonda wazi, na kukifunga baada ya siku chache tukishahakikisha kilichobaki ni hai. Ni njia ya hatua mbili, inachosha familia, lakini kwa gangrini yenye majimaji ni salama kuliko kushona siku hiyohiyo.

La nne, ridhaa, ndilo lililotuchukulia muda mrefu. Baba alisema kwa simu, "Mtibuni, msimkate." Hatukumbishia. Tulimwomba aje, naye alisafiri usiku kucha. Wakati huo nilimwomba mama aguse vidole vya mtoto, kisha apandishe mkono taratibu kuelekea kiwiko. Alifika kwenye ile pete ya juu, akasimama, akarudi chini, akapanda tena. Hakuhitaji maelezo mengi baada ya hapo. Mgonjwa mmoja wetu wa zamani aliyepoteza mkono kwa ajali, aliyekuwa amekuja kliniki siku hiyo, alikaa na mama karibu saa nzima. Sijui walizungumza nini, na sikuuliza. Baba alipofika saa kumi na mbili asubuhi, mama ndiye aliyemweleza.

Mtoto naye tulimwambia kabla ya kuingia. Wapo wenzetu waliopinga wakisema atajua akiamka. Mimi nilisimama upande wa kumwambia na ningefanya hivyo tena. Mtoto aliyelazwa usingizi akiwa na mikono miwili na kuamka na mmoja bila neno hatamwamini tena mtu yeyote mwenye koti jeupe, na huyu alikuwa na miaka mingi ya kutuhitaji mbele yake.

Matokeo

Mkono ulikatwa siku ya 7, saa 21 hivi baada ya kupokelewa. Kidonda kilifungwa siku ya 12. Figo zilipona. Aliruhusiwa siku ya 20.

Shuleni alikosa muhula mzima. Mkono uliokatwa ndio aliokuwa akiandikia. Hakuna aliyemfundisha kuandika kwa kushoto. Alijifunza mwenyewe kwa kunakili vitabu vya ndugu yake. Mkono bandia hajapata. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 5 hadi 15 tu ya wanaohitaji viungo bandia na vifaa saidizi wanaovipata. Yeye yuko kwenye kundi kubwa lililobaki.

Uchambuzi

*Kilichoukata mkono*

Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujaa humo na shinikizo hupanda. Likizidi nguvu ya vimishipa vidogo, damu haifiki tena kwenye msuli, hata kama mapigo kwenye kifundo cha mkono bado yanasikika. Ndiyo maana kupima mapigo peke yake kumewadanganya wengi. Mabanzi yaliyokazwa siku ya kwanza, kabla uvimbe haujafika kileleni, huongeza shinikizo kutoka nje. Mkono unavimba, fundo halisogei.

Mishipa ya fahamu huumia mapema, ndiyo ganzi aliyoisema mtoto. Misuli huanza kufa baada ya saa 4 hadi 6, na baada ya saa 8 mara nyingi hairudi. Tukihesabu kuanzia saa moja usiku, mlango ulikuwa ukifungwa wakati ule mtoto anaomba afunguliwe. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza tangu mwaka 1881 jinsi bendeji zilizokazwa zinavyolemaza misuli ya mkono. Ni jambo la kale katika vitabu, ila halijafika kwenye nyumba nyingi linakohitajika.

Mtoto alitoa kila dalili ambayo kitabu kingetaka. Maumivu yaliyozidi mvunjiko wenyewe. Dawa iliyoshindwa. Vidole kuwaka, kisha ganzi. Yowe kidole kilipokunjuliwa, ambalo kwangu ndilo dalili kubwa kuliko zote. Kisha akanyamaza, na kimya kile kikapokewa kama nafuu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Kwa mkono uliofungwa ni hivyo kabisa. Mkono uliovunjika hauachi kuuma ghafla siku ya pili. Ukiacha, mishipa ya fahamu imekufa.

*Kilichoshindikana kabla hajafika kwetu*

Nilimtembelea muunga mifupa wiki mbili baada ya upasuaji, pamoja na afisa wa afya ya jamii. Tulikwenda kusikiliza. Nilimwuliza, "Mzee, ukishafunga unaangalia nini?" Akasema huangalia kama mabanzi yamesogea. Vidole hajawahi kuambiwa aviangalie. Alipoelewa kilichotokea, alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza vidole vya mtu mzima huonyesha nini na vya mtoto huonyesha nini, na kama rangi ya kucha inatosha. Hayo ni maswali ya mtu anayetaka kujua. Huko Ethiopia, waunga mifupa katika eneo la hospitali moja walipewa mafunzo mafupi kuhusu hatari hii hii, na ripoti iliyochapishwa mwaka 2005 ilionyesha idadi ya viungo vilivyokatwa kwa gangrini ya mabanzi ikishuka sana. Kuwapiga marufuku huwasukuma mafichoni, na mgonjwa huja kwetu akiwa amechelewa zaidi na akiogopa kusema alikotoka.

Zahanati nayo ina sehemu yake, na hapa najisikia uchungu zaidi maana ni watu wetu. "Hatuna eksirei" haikuwa sababu ya kumwacha mtoto aondoke mikono mitupu. Mvunjiko huu haukuhitaji picha usiku ule. Ulihitaji banzi moja lililowekewa pamba, limefungwa upande mmoja bila kuzungushia kwa kukaza, mkono ukiwekwa usawa wa moyo, na sentensi tatu kwa mama: viangalie vidole kila mara, vikifa ganzi au maumivu yakizidi fungua kila kitu, usisubiri kesho. Mama aliyetaka kulegeza saa saba usiku alikuwa sahihi. Alikosa mtu wa afya wa kumpa haki ya kufanya hivyo mbele ya wakubwa wake.

*Kilichoshindikana kwetu*

Tusiwasukumie wengine tu. Sisi wenyewe tumewahi kuzungushia plasta ngumu nzima kwenye mkono mbichi unaovimba na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani jioni ileile. Miezi michache kabla ya kisa hiki mgonjwa mmoja alirudi usiku akilia, tukaipasua plasta kwa pande zote mbili pamoja na pamba ya ndani, mkono ukapona. Tofauti ya wagonjwa hawa wawili ni kwamba mmoja aliishi karibu.

Pia tulimruhusu mtoto bila mpango wa shule wala wa mazoezi ya kigutu. Kovu lilikuwa zuri, tukajipongeza, na muhula ukapita.

*Kilichosaidia*

Kiwiko kilichobaki. Kusubiri mkojo upauke. Kumwacha mama aone kwa vidole vyake mwenyewe. Na yule mgonjwa wa zamani, ambaye hakuwa sehemu ya mpango wowote, alijitolea tu. Tangu hapo tunamwita kwa makusudi, yeye na wenzake wawili.

*Mahali pa kisa hiki kati ya sababu nyingine*

Katika nchi tajiri, wengi wanaokatwa viungo ni wazee, hasa wenye kisukari na mishipa ya miguu iliyoziba. Kwenye wodi za nchi za kipato cha chini utawakuta vijana na watoto kwa wingi: ajali za barabarani na za mashine, mabanzi, moto, maambukizi ya mifupa yaliyokaa miaka, saratani ya mfupa iliyofika imechelewa, na penye vita, risasi na mabomu ya ardhini. Kisukari nacho kimekuja kwa kasi. Zaidi ya robo tatu ya watu wazima wenye kisukari duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Nikiziangalia sababu hizi nikiwa nimesimama kando ya kitanda, naona mbili zikifanana na mkono wa mtoto huyu kuliko mstari wa daftari unavyoonyesha. Ya kwanza ni nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, 81,000 hadi 138,000 hufariki, na mara tatu ya idadi hiyo hivi hubaki wamekatwa kiungo au na ulemavu mwingine wa kudumu. Sumu ya baadhi ya nyoka huua nyama yenyewe, lakini wapo wanaofika na kamba iliyokazwa juu ya jeraha tangu jana yake, mguu mweusi kuanzia kwenye kamba kwenda chini. Ni fundo lilelile.

Ya pili ni mguu wa kisukari. Pale ganzi hutangulia miaka mingi kabla ya donda. Mtu anakanyaga msumari, anatembea nao siku nzima, anauona jioni anapovua kiatu. Hajali sana, kwa kuwa hauumi. Anafika kwetu wiki tatu baadaye akisema maneno ambayo nimeyasikia kwa mama wa mtoto huyu na kwa wengine wengi: hakukuwa na maumivu, tukajua anaendelea vizuri.

Tulichobadilisha

Plasta nzima haifungwi tena kwenye mvunjiko mbichi. Tunaweka nusu, upande mmoja, na mgonjwa hurudi siku ya pili. Zahanati zinazotuletea wagonjwa zimepewa mabanzi na kikaratasi chenye mchoro wa vidole, kinachomwambia mama kwa maneno makubwa kwamba ana ruhusa ya kufungua. Muunga mifupa tuliyemtembelea ametuletea wagonjwa wanne tangu wakati huo, mmoja akiwa na vidole baridi, saa tano baada ya kuvunjika. Huyo alipasuliwa utando usiku uleule. Anashika kijiko.

Kwenye daftari tumeongeza safu baada ya "ugonjwa": *saa ngapi tangu kuumia, na nani alimwona kwanza*. Safu hiyo mara nyingi huachwa wazi zamu ikiwa na kazi nyingi, na huwa naijaza asubuhi kwa kuwauliza ndugu.

Mtoto alikuja kliniki mwaka mmoja baadaye. Alikuwa amebana daftari kwenye mkunjo wa kiwiko, akalifungua kwa mkono wa kushoto kunionyesha mwandiko. Tulipima kigutu kwa ajili ya ombi la mkono bandia, la pili sasa. Vipimo vya ombi la kwanza, lililokuwa bado halijajibiwa, vilikuwa vimeshakuwa vidogo.